Furaha ya Kweli Yatoka Wapi?

Somo juu ya mali, simu na jirani. Masomo ya kusoma kwanza: Luka 12:13-21, Luka 15:8-10, Marko 12:41-44.

Mwezi huu twataka kujifunza pamoja jambo ambalo vijana wetu wa Lugoba wametuuliza mara nyingi, na wazee nao huliuliza mioyoni mwao ingawa hawalisemi. Je, mtu akipata mali atakuwa na furaha? Na mtu akionekana na watu wengi katika simu, akasifiwa nao, je, hiyo ndiyo furaha? Wainjilisti na walimu wa kipaimara wanaweza kulitumia somo hili katika madarasa yao na katika ibada za jumuiya. Twaomba kila mmoja afungue Biblia yake kwanza, ayasome masomo matatu yaliyotajwa hapo juu, kisha aendelee.

1. Swali hili si geni katika nchi yetu

Wako wadhanio kwamba tamaa ya vitu imeletwa na simu. Sivyo. Tamaa hiyo ilipita hapa petu zamani, tena kwa miguu. Misafara iliyotoka Bagamoyo katika karne ya 19 kwenda Unyamwezi na Ujiji ilikata nchi ya Wakwere. Wapagazi walibeba merikani, kaniki, shanga na masango ya shaba, wakarudi pwani na pembe za ndovu. Ile nguo ya merikani iliitwa hivyo kwa sababu ilifumwa Marekani, ikavuka bahari mpaka Unguja, ikavuka tena mpaka Bagamoyo, ndipo ikapandishwa bara. Watu wa kijiji ambao hawajaiona bahari walitamani nguo iliyofumwa ng'ambo yake.

Mwaka 1871 Henry Stanley alikuwa Unguja akinunua vitu vya safari yake ya kumtafuta Livingstone. Katika kitabu chake aeleza jinsi alivyosumbuka kwa habari ya shanga. Kila nchi ilikuwa na shanga zake. Shanga nyeusi zilipokewa Ugogo kama fedha, lakini kwa makabila mengine hazikuwa na thamani yo yote. Basi tufikiri kidogo. Ushanga ni ule ule, haukuongezeka wala haukupungua njiani. Kilichobadilika ni macho ya watazamao. Ndivyo ilivyo na vitu vyetu vingi. Simu iliyonunuliwa mwaka juzi yaita vizuri kama siku ile ya kwanza, lakini mwenyewe aificha mfukoni, kwa kuwa mwenzake amepata mpya. Simu haikuharibika, kilichoharibika ni furaha yake, nayo iliharibika katika macho ya mtu mwingine.

Wala tusisahau kwamba njia hiyo hiyo ya misafara ilipitisha watu waliofungwa minyororo. Tamaa ya vitu ikikua bila mpaka, mwisho wake humfanya mwanadamu naye kuwa kitu.

2. Tusiwadanganye maskini

Hata hivyo yatupasa kuwa waangalifu. Wako wahubiri wawaambiao maskini kwamba mali si kitu, nao wakisha kuhubiri huenda kula nyama. Mama ambaye mtoto wake ana homa usiku ahitaji fedha ya gari na ya dawa, wala hatapona kwa kuambiwa kwamba furaha imo moyoni. Kila mwaka wataalamu hutoa Ripoti ya Furaha Duniani. Huwaambia watu wafikiri habari ya ngazi, chini kabisa ni 0 na juu kabisa ni 10, kisha huwauliza, Wewe wasimama kidato gani katika maisha yako? Katika ripoti ya mwaka 2018 nchi zilikuwa 156, na Tanzania ilikuwa ya 153. Finland ilikuwa ya kwanza. Mwaka 2019 ikawa vivyo hivyo. Tusikasirike kwa habari hiyo. Watu wetu walijibu kwa kweli. Waliona maji yako mbali, hospitali iko mbali, na mvua haina hakika.

Katekisimo Ndogo ya Luther, iliyotolewa mwaka 1529, haiudharau mwili. Katika maelezo ya ombi la nne la Sala ya Bwana, mkate wa kila siku si unga tu. Vyakula vimo, mavazi yamo, na nyumba, na shamba, na mifugo, na fedha. Hivi vyote ni zawadi za Mungu, nasi twafundishwa kuviomba bila haya. Lakini someni orodha ile mpaka mwisho. Humo wamo pia rafiki wema na jirani waaminifu. Hawa nao ni mkate. Mtu aweza kuwa na gunia kumi za mahindi na bado akawa na njaa ya mkate wa namna hii. Nao wataalamu wale wa ngazi wameona kwamba jambo moja lina uzito mkubwa sana katika majibu ya watu wa nchi zote: kama mtu anaye mtu wa kumtegemea siku ya shida.

3. Tajiri asiye na jirani, na mwanamke mwenye jirani

Sasa tumtazame yule tajiri wa Luka 12. Shamba lake limezaa sana. Bwana Yesu hasemi kwamba aliiba, wala kwamba alimdhulumu mtu, wala hasemi kwamba kulima ni dhambi. Basi kosa lake ni nini? Yasikilizeni maneno yake. Asema na nani? Asema na nafsi yake. Amwuliza nani shauri? Ajiuliza mwenyewe na kujijibu mwenyewe. Kila kitu ni chake: mavuno yake, ghala zake, vitu vyake. Katika habari ile yote hamna mke, hamna mtoto, hamna jirani, wala mgeni hata mmoja aliyebisha hodi. Na usiku ule roho yake ilipotakiwa, hatusomi kwamba alikuwako mtu wa kumlilia.

Kisha tugeukie Luka 15. Mwanamke ana sarafu kumi za fedha, apoteza moja. Awasha taa, afagia nyumba, atafuta mpaka aione. Akiisha kuiona, awaita rafiki zake na jirani zake wafurahi pamoja naye. Mwalimu awaulize wanafunzi wake, Ni yupi mwenye mali nyingi, na ni yupi mwenye furaha? Hata mtoto mdogo atajibu sawasawa. Ghala zilizojaa hazikumleta mtu nyumbani kwa tajiri, lakini sarafu moja iliijaza nyumba ya mwanamke.

Hapa ndipo ilipo nguzo ya somo letu, nasi twaomba mwishike. Kitu humfurahisha mtu kinapomleta jirani karibu. Kitu kile kile humhuzunisha kinapomfanya jirani kuwa mtazamaji tu, au mizani ya kujipimia.

Twaweza kuchukua mfano mmoja wa Bagamoyo. Sewa Haji Paroo alikuwa mfanyabiashara Mhindi aliyetajirika kwa kuwaandalia wasafiri wapagazi na bidhaa. Hakuwa Mkristo, wala hatusemi kwamba biashara ya misafara ilikuwa safi. Lakini alitoa jumba huko Bagamoyo liwe shule ya watoto wa mataifa yote, tena akatoa fedha kwa hospitali ya Dar es Salaam ya kuwatibu watu waliokuwa hawana kitu. Alikufa mwaka 1897. Pembe zilizopita mikononi mwa matajiri wa wakati ule hazijulikani ziliko, lakini hata leo wagonjwa wa Muhimbili hulazwa katika jengo lenye jina lake. Mali iliyofunguliwa mlango ilidumu kuliko mwenye mali.

4. Simu nayo ni kama sarafu

Tusiseme kwamba simu ni mbaya. Tangu mwaka 2008 watu wa Tanzania wameweza kutumiana fedha kwa simu, na kijana afanyaye kazi ya kokoto hapa kwetu huweza kumpelekea mama yake wa Tanga fedha ya dawa kabla jua halijachwa. Habari za msiba hutufikia upesi, tukawahi kuzika. Mtoto aliyeko Oman huuona uso wa bibi yake. Katika mambo hayo simu hufanya kama yule mwanamke wa Luka 15, huita rafiki na jirani.

Lakini simu yaweza pia kufanya kama yule tajiri. Kijana asimama kando ya gari la mtu mwingine hapo njia kuu ya Chalinze kwenda Segera, apiga picha, aituma katika mtandao wa kijamii. Kisha akaa kivulini akihesabu zile alama za kupendezwa ambazo wenyewe huziita laiki. Zikiwa nyingi afurahi kwa saa moja. Zikiwa chache asononeka siku nzima. Na yule wa kijiji cha pili aionaye picha asononeka zaidi, kwa kuwa hajui kwamba gari si lake. Hivyo wawili wamehuzunika kwa sababu ya gari ambalo si la mmoja wao. Wazee walisema, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Wengine hukopa ili waonekane. Mwezi wa Novemba mwaka 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu 69 za simu zilizokuwa zikikopesha watu bila leseni. Watu wengi wamelalamika kwamba wakichelewa kulipa, wakopeshaji wa namna hiyo huwatumia ndugu na marafiki wa mdaiwa ujumbe wa kumtia aibu. Tazameni jinsi dhambi inavyozunguka. Mtu akopa ili asifiwe na jirani zake, na deni lile lile lamwaibisha mbele ya jirani wale wale.

Huko Marekani mwaka 2018 wataalamu waliwalipa watu wengi ili waifunge Facebook kwa majuma manne, kisha wakawapima. Walipata karibu saa moja zaidi kila siku, na sehemu ya saa hiyo waliitumia pamoja na jamaa na rafiki zao. Furaha yao iliongezeka. Haikuongezeka sana, nasi tusiitie chumvi habari hii, iliongezeka kidogo. Lakini hata hiyo kidogo yatufundisha mahali ilipokuwa imejificha, yaani barazani pamoja na watu.

5. Kosa letu wenyewe

Mtu asidhani kwamba twawahukumu vijana. Sisi tulio wachungaji tumelitenda jambo hili hili, tena ndani ya kanisa. Miaka michache iliyopita tulikuwa tukikusanya fedha za kuezeka nyumba ya ibada ya mtaa mmoja tunaouhudumia. Wazee wa kanisa wakashauri, nasi tukakubali, kwamba kila Jumamosi orodha ya ahadi iwekwe katika kundi la WhatsApp: jina la mtu, ahadi yake, alichotoa, na kilichobaki. Mwanzoni fedha ziliingia upesi, nasi tukamshukuru Mungu kwa shauri jema.

Alikuwako mjane mmoja auzaye mihogo ya kuchemsha mahali mabasi yanaposimama. Aliahidi shilingi 50,000, akawa ametoa 15,000. Yeye mwenyewe alikuwa na simu ndogo isiyoonyesha picha, asijue lo lote la orodha ile. Binti yake aliyeko mjini aliiona, akampigia mama yake akilia. Jumapili tatu hatukumwona mjane yule ibadani. Tulidhani ni mgonjwa. Tulipomwendea alitukaribisha vizuri, akatupa kigoda, akanyamaza kitambo. Kisha akasema, "Baba Mchungaji, Mungu ananijua kwamba nina deni, wala simwogopi kwa hilo. Lakini sikujua kwamba nanyi nyote mnanihesabu."

Hatukuwa na la kujibu.

Juma lile lile tulizungumza na yule aliyekuwa wa kwanza katika orodha, mtu mwenye uwezo na mwenye moyo mwema. Tulidhani yeye anafurahi. Akatuambia kwamba usiku huamka na kuiangalia simu, aone kama yuko aliyempita. Basi tuliona jambo la kutisha. Orodha yetu ilimwondolea furaha aliye wa mwisho, ikamwondolea na aliye wa kwanza. Sadaka ile ile ambayo ingewafanya ndugu iliwafanya kuwa watu wanaopimana.

Tulipolileta jambo hili mbele ya wazee, mmoja alitupinga kwa Maandiko. Alisema kwamba Bwana Yesu mwenyewe aliketi kuelekea sanduku la hazina, akatazama jinsi watu wanavyotia fedha. Neno lake ni kweli, nalo linafaa kujibiwa. Someni Marko 12 polepole. Bwana alitazama, lakini hakutangaza kilichobaki. Hakumwuliza mjane kwa nini ni senti mbili. Aliwaita wanafunzi wake, akawaonyesha heshima ya mjane yule, kwamba ametoa kuliko wote. Jicho la Bwana lilimwinua mwanamke ambaye macho ya watu yalikuwa yamempita. Jicho letu lilimshusha. Tofauti ndiyo hiyo.

Orodha tuliiondoa. Jumapili iliyofuata tuliungama kosa letu mbele ya usharika, na mjane alikuwapo. Sasa mtunza hazina anacho kitabu, na kila mtu huujua mstari wake mwenyewe. Hatutaficha lililofuata. Fedha zilipungua, na upande mmoja wa nyumba ile bado hauna bati. Mvua za masika zikinyesha twasogea upande wa pili, twabanana. Lakini twabanana sote.

6. Anayetuona

Kwa nini mtu ataka sana kuonwa? Kwa sababu Mungu alimwumba ajulikane na kupendwa. Njaa hiyo si dhambi. Dhambi ni kuipeleka kwa mungu asiyeweza kuishibisha. Katika Katekisimo Kubwa, akifafanua amri ya kwanza, Luther afundisha kwamba kile ambacho mtu aufunga moyo wake kwacho na kukitegemea, hicho ndicho mungu wake. Naye ataja fedha na mali kuwa sanamu iliyoenea kuliko zote duniani. Kama angaliishi leo, labda angaliongeza hesabu ya watazamaji.

Injili yatuambia habari nyingine. Tulitafutwa kama sarafu ile, kwa taa na kwa ufagio, tulipokuwa tumepotea gizani wala hatuna sifa ya kuonyesha. Katika Ubatizo tuliitwa kwa jina. Wanafunzi waliporudi kwa Bwana wakishangilia nguvu zao, aliwafundisha wafurahi zaidi kwa kuwa majina yao yameandikwa mbinguni (Luka 10:20). Orodha ile haina safu ya kilichobaki, kwa maana Kristo amelipa. Mtu aliyejua hivyo moyoni aweza kuwa na mali asiitumikie, aweza kukosa mali asijidharau, naye aweza kuishika simu bila kuwaomba watu wamhesabie haki.

7. Basi tufanye nini?

Kwanza, kabla ya kununua kitu kwa deni, tujiulize, Kitu hiki kitamleta nani karibu nami? Tukiona hakuna, tungoje.

Pili, michango ya harusi na ahadi za kanisa zisitangazwe kwa namna ya kumwaibisha asiye nacho. Kamati za harusi zalifahamu jambo hili. Bwana arusi mmoja hawezi kufurahi juu ya machozi ya shangazi zake.

Tatu, kila nyumba ichague saa moja ya jioni ambayo simu zote zitawekwa juu ya kabati, za wazazi kwanza, kisha za watoto. Saa hiyo watu wale pamoja, wasome Neno, wasikilizane. Na siku moja katika juma saa hiyo iwe ya kumtembelea jirani, awe Mkristo, awe Mwislamu, maana Katekisimo haikuuliza dini ya jirani mwaminifu.

Maswali ya kujifunza

1. Katika Luka 12, tajiri azungumza na nani? Katika Luka 15, mwanamke azungumza na nani?
2. Ni mambo gani yanayotajwa na Katekisimo Ndogo kuwa mkate wa kila siku? Ni lipi tulilolisahau nyumbani kwetu?
3. Bwana Yesu alimtazamaje mjane hazinani? Sisi huwatazamaje watoao kidogo?
4. Taja jambo moja ambalo simu yako ilimleta mtu karibu nawe mwezi huu, na jambo moja ambalo ilimweka mtu mbali.
5. Yuko nani katika mtaa wenu ambaye hajaonekana ibadani Jumapili tatu? Nani atamwendea juma hili?

Swali hilo la mwisho lisijibiwe kwa mdomo tu. Bwana awabariki ninyi na nyumba zenu.